Mapipa Ishirini ya Ng'ongo

Jumatatu, 12 Januari

Nimeanza kazi leo. Saa moja asubuhi nilibandika sheria zangu kumi na nne kwenye mlango wa kiwanda. Kufikia saa tatu mbuzi wa jirani alikuwa amekwisha kula kuanzia sheria ya tisa hadi ya mwisho. Nitaziandika upya na kuzibandika juu zaidi.

Nieleze hali ilivyo, maana kiongozi asiyeweka kumbukumbu ni abiria tu. Mimi ni Tiroyaone Seleka, miaka thelathini na minane, nimesomea usimamizi Gaborone na cheti ninacho. Kiwanda kiko kijijini hapa chini ya vilima vya Tswapong, na kazi yake ni kukamua ng'ongo, matunda ya porini tuyaitayo morula, juisi ikapelekwa kwa mnunuzi wa Palapye. Tatizo ni moja na kila mtu analijua: matunda mengi huoza kabla ya kufika kwenye mashine. Mwenyekiti wa bodi, Bi Ramasu au Mma Ramasu kama tunavyomwita, hakunizungusha.

"Rra Seleka, hesabu mapipa ya uozo mnayomwaga. Msimu huu yakizidi ishirini, nakifunga kiwanda. Sitaki kusikia habari ya mvua wala ya mashine."

Wafanyakazi ni wanne. Mma Boikanyo yuko kwenye mashine tangu kiwanda kifunguliwe, na haongei. Mma Tlotlo anapokea magunia na kuyapima, na anaongea kwa niaba ya wote wawili. Rra Dikgang ni dereva wa trekta na fundi, na kila jambo kwake ni mzaha. Gosego, binti wa miaka ishirini na minne, anachambua matunda. Hawa wanne na nyumba zao wanaishi kwa kiwanda hiki.

Nimefanya kikao cha kwanza. Nilizungumza dakika arobaini kuhusu ubunifu kazini, kisha nikauliza kama kuna mwenye wazo. Kimya. Nikauliza kama wanakubaliana nami. Wakaitika kwa pamoja, "Ee, Rra," ndiyo, bwana. Nimepata timu yenye umoja, nashukuru.

Yaliyotupwa: hakuna.

Jumatano, 14 Januari

Nimetilia mkazo sheria ya kwanza: hatupokei ng'ongo za kijani, za njano tu. Juisi nzuri inatokana na tunda lililoiva, hata mtoto anajua. Mma Tlotlo alinijibu "Sawa, Rra" kwa sauti ile ile ambayo mama yangu hunijibu nikimwambia nimeshiba.

Jumatatu, 19 Januari

Mvua. Magunia manne tu. Nimechora chati.

Ijumaa, 23 Januari

Nimefungua kisanduku cha maoni nilichokitundika wiki iliyopita. Ndani kulikuwa na ganda la karanga na karatasi moja: "Choo hakina komeo." Nilitegemea mawazo ya kuinua uzalishaji. Nimejisikia vibaya kidogo, sitaficha.

Yaliyotupwa: mawili.

Jumamosi, 24 Januari

Nimenunua komeo, nimelifunga mwenyewe. Nimejigonga kidole gumba.

Ijumaa, 6 Februari

Sijaandika kwa siku nyingi kwa sababu sikuwa na mkono wa kuandikia. Mvua ilikatika Jumapili, jua likatoka, na kijiji kizima kikaleta ng'ongo za njano Jumatatu hiyo hiyo. Punda, matoroli, wanawake wenye mabeseni kichwani, foleni ikafika barabarani. Mashine inakamua magunia ishirini kwa siku. Tulipokea zaidi ya mia moja, yote yameiva, yote yakitaka kukamuliwa jana.

Tulifanya kazi hadi usiku. Jumatano matunda yalianza kuvujisha maji ndani ya magunia. Jana nzi walikuwa wengi kuliko sisi, na leo tumemwaga. Mapipa kumi na moja kwa wiki moja! Nilisimama mlangoni nikamwangalia Gosego akisukuma toroli la uozo huku akilia bila sauti, nami badala ya kumsaidia nikaenda ofisini kuandika barua za onyo. Tatu. Moja ya Gosego kwa kuchambua polepole, moja ya Rra Dikgang kwa kuchelewesha trekta, moja ya Mma Tlotlo kwa kupokea magunia mengi mno, ingawa ni mimi niliyemwambia apokee.

Nilipowakabidhi, Rra Dikgang aliisoma yake mpaka mwisho, akaikunja vizuri.

"Ina herufi nzuri, Rra," akasema. "Mke wangu ataipenda."

Yaliyotupwa: kumi na matatu. Msimu haujafika hata nusu.

Jumamosi, 7 Februari

Leo kulikuwa na mkutano kwenye kgotla, baraza la kijiji, kuhusu punda wanaovunja bomba la maji. Nilikwenda na kiti changu cha kukunja kama kila mwanamume, nikakaa karibu na Rra Dikgang, ambaye alinisogezea nafasi kana kwamba sikumwandikia onyo jana.

Kgosi, chifu wetu, alifungua mkutano kwa maneno machache: punda wanavunja bomba, semeni. Kisha akanyamaza. Kwa saa mbili nzima! Akasimama mzee mwenye punda, akasimama mwanamke asiye na punda, akasimama kijana mlevi ambaye mimi ningemfukuza, naye akasikilizwa mpaka akakaa mwenyewe. Na yule mlevi ndiye aliyesema kwamba bomba liko kwenye njia waliyoizoea punda tangu zamani, kwa hiyo lihamishwe hatua kumi. Mwishoni kabisa Kgosi akanyanyuka, akarudia yaliyosemwa, akaamua bomba lihamishwe. Watu wakapiga kelele "Pula!", yaani mvua na baraka, tukakunja viti.

Njiani nikamwuliza Rra Dikgang kwa nini Kgosi hakusema kwanza anachotaka, tukaokoa muda.

"Ai, Rra! Angetangulia yeye, sisi tungesema nini? Mkubwa akishatoa neno lake, kilichobaki ni kuitika na kwenda kunywa chai."

"Hata kama amekosea?"

"Hasa kama amekosea. Nani atamwaibisha mkubwa mbele ya watu? Mimi? Nina watoto watatu, Rra."

Nilisimama katikati ya njia. Kumbe "Ee, Rra" ya Januari haikuwa umoja. Nimezaliwa katika nchi hii, baba yangu alikwenda kgotla kila alipoitwa, na sijui niliusahau wapi utaratibu ambao hata kijana mlevi anaujua. Nimeona aibu, na nimecheka peke yangu jikoni nikikoroga uji mzito wa bogobe mpaka ukaungua.

Jumatatu, 9 Februari

Niliweka viti kwa mduara chini ya paa la kupokelea magunia. Nikauliza swali moja: "Kwa nini ng'ongo zetu zinaoza?" Kisha nikafunga mdomo.

Sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo. Dakika zikapita. Mma Tlotlo akaangalia kucha zake. Gosego akaangalia mlango. Nilijifinya paja ili nisiseme. Hatimaye Rra Dikgang akajitolea, akatusimulia habari za punda wake mwenye wivu kwa dakika ishirini, na nilipokuwa karibu kumkatiza nikakumbuka yule mlevi. Nikamwacha. Alipomaliza, watu walikuwa wanacheka na miguu yao imelegea.

Ndipo Mma Boikanyo akafungua mdomo. Sauti yake ni nyembamba kuliko nilivyofikiria.

"Mng'ongo hauivishi tunda juu," alisema. "Unaliangusha likiwa kijani, linaivia chini. Nyumbani tukitaka pombe ya Jumamosi, tunaokota za kijani Jumatatu. Ukizitandaza kivulini, zinachelewa. Ukizirundika na kuzifunika, zinawahi. Mpishi ndiye anayechagua siku, si tunda."

"Kwa hiyo tukipokea za kijani..."

"Tunaivisha ishirini leo, ishirini kesho, ishirini keshokutwa. Mashine haikimbizwi."

"Na sisi tukazikataa mlangoni," Mma Tlotlo akadakia, "tukawaambia wenzetu wakae nazo mpaka ziwe njano. Wakakaa nazo. Zikaiva zote siku moja, wakatuletea msiba."

Nilitaka ardhi inimeze. Nikamwuliza Mma Boikanyo kwa nini hakuniambia Januari. Alinitazama kwa upole, kama mtu anayemtazama mgonjwa anayepata nafuu.

"Ulikuwa umeshasema, Rra."

Nikaomba zile barua tatu. Nikazichana mbele yao, nikasema nilikosea, na nikasema pia nilikosea nini, sheria ya kwanza na barua. Mma Tlotlo akaokota vipande akavitia kwenye mfuko wa aproni. Anasema ni vya kuwashia moto.

Jumanne, 10 Februari

Nimeondoa sheria zote mlangoni. Mma Tlotlo ametuma habari vijiji vitatu: leteni kijani. Kufikia mchana kila mtu alikuwa anajua, na sijui alitumia njia gani.

Ijumaa, 13 Februari

Ghala linafanana na shamba la kijani. Tumetandaza kivulini, tumerundika pembeni. Nimekula phane, viwavi wa kukaanga, na Rra Dikgang kwenye tairi la trekta. Anasema nikiacha kuvaa tai nitaonekana binadamu.

Jumanne, 17 Februari

Leo patashika. Nilipofika nilikuta wanaume watano nje ya lango, wamenyoa vizuri, wakiuliza kwa adabu kama kuna harusi.

"Harusi gani?" nikawauliza.

"Tumesikia harufu, Rra."

Harufu ya pombe ilikuwapo kweli. Gosego alitaka kuwahisha magunia mengi, akayafunga kwa plastiki akayaegemeza kwenye ukuta wa jua tangu Jumamosi, bila kumwambia mtu. Tulipofungua, povu likatoka lenyewe likamfuata Rra Dikgang mpaka kwenye viatu. Mapipa matatu yamekwenda. Wale wanaume watano walitazama tukimwaga, mmoja wao akavua kofia.

Gosego alikuwa amekwisha kuchukua mkoba wake na kanga yake, amesimama kando ya mlango akingoja barua. Nakiri, mkono ulikwenda kwenye kalamu. Mapipa matatu si mchezo, yamebaki manne tu kabla ya kufungiwa. Nikauweka mkono mfukoni.

"Mwanangu, kaa. Umeona nini?"

"Nimeharibu, Rra."

"Hilo hata wale watano wameliona. Wewe ulikuwa karibu zaidi. Umeona nini?"

Akafuta pua. Kisha akasema, polepole, kwamba plastiki inazipika. Lakini plastiki haikutosha, kwa hiyo magunia mawili ya mwisho aliyafunika kwa magunia matupu. Hayo mawili yameiva kwa siku tatu, yote njano, hakuna hata moja lililopasuka.

Mma Boikanyo aliinuka kwenda kuyaona mwenyewe. Akalitia tunda moja mdomoni, akanyonya, akatema kokwa.

"Siku tatu," akasema. "Kwangu ni tano. Nani alikufundisha?"

"Hakuna, Mma. Plastiki iliisha."

Rra Dikgang alicheka mpaka akakaa chini kwenye povu. Nimecheka pia. Gosego akacheka wa mwisho, na akaning'iniza mkoba wake kwenye msumari.

Yaliyotupwa: kumi na sita.

Jumatatu, 23 Februari

Tatizo jipya: nani anakumbuka gunia lipi liliingia lini? Nilikuwa na jibu, chati yangu. Nikajizuia, nikauliza. Gosego akapendekeza vitambaa: Jumatatu chekundu, Jumanne cha buluu, na kuendelea, vinafungwa kwenye shingo ya gunia. Mma Tlotlo akatoa gauni lake la zamani la leteisi, kitambaa chetu cha buluu cha sherehe, likachanwa kwa ajili ya Jumanne. Anasema lilimbana tangu harusi ya dada yake na sasa ana sababu ya kununua jingine.

Hata asiyejua kusoma anaingia ghalani akatambua gunia la kukamua leo. Chati yangu nimeigeuza, nyuma yake Rra Dikgang anaandika zamu za kupika chai.

Yaliyotupwa: kumi na saba. Gunia lilisahaulika nyuma ya mlango kabla vitambaa havijaanza.

Ijumaa, 6 Machi

Wimbi la pili limekuja, kubwa kuliko la Februari. Magunia mia na arobaini kwa siku nne. Nilikuwa na hofu. Lakini yalikuja ya kijani, yakafungwa vitambaa, yakagawanywa: haya kivulini, haya chini ya magunia matupu. Mashine ikakamua ishirini kila siku na saa kumi tukafunga mlango tukaenda nyumbani. Mma Boikanyo aliimba. Sikujua kama anaimba! Anaimba sauti ya kwanza kanisani, kumbe, na kijiji chote kinamjua kwa hilo.

Ijumaa, 13 Machi

Mapipa mawili tu kwa wimbi lote. Jumla: kumi na tisa, na miti imekwisha kumwaga. Tumepona! Nimenunua magwinya, maandazi yetu, ya watu wote, Mma Tlotlo akacheza katikati ya ghala na ufagio.

Jumatano, 18 Machi

Leo asubuhi nilikaa kwenye mduara nikauliza kama kuna neno kabla ya Mma Ramasu kuja keshokutwa. Rra Dikgang akasimama. Hakutabasamu, na hilo peke yake lilinitisha.

"Rra, si kumi na tisa. Ni ishirini na moja."

Akatuangalia mmoja mmoja, akaendelea.

"Ile wiki mbaya ya Februari. Tulimwaga mengine mawili nyuma ya vilima kwa trekta, ulipokuwa ofisini unaandika. Wote wanne tulijua. Tulikuogopa, Rra. Tulisema huyu akijua ni kumi na matatu wiki moja, tutafukuzwa kabla ya Jumapili."

"Na sasa mnaniambia kwa nini? Mngenyamaza siku mbili tu, kiwanda kingepona."

Mma Tlotlo ndiye aliyejibu, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Kwa sababu wewe ulisema ulikosea. Mbele yetu, kwa mdomo wako. Sasa sisi tungekutazama vipi?"

Niandike ukweli wa moyo wangu. Jambo la kwanza nililohisi halikuwa hasira wala hofu. Ni furaha. Watu hawa wameweka chakula cha watoto wao rehani ili wasinidanganye. Hofu ilikuja baadaye, nilipokuwa nanawa mikono, na bado ipo.

Nimewauliza tufanyeje. Tumezungumza mpaka adhuhuri. Hakuna aliyesema tufiche.

Alhamisi, 19 Machi

Nimeandika ishirini na moja kwenye ripoti. Kalamu iliandika vizuri tu.

Ijumaa, 20 Machi

Mma Ramasu alifika saa nne na gari la bodi, akiwa na kufuli jipya kwenye kiti cha nyuma. Nililiona. Alikaa kwenye mduara, akaisoma ripoti, akavua miwani.

"Ishirini na moja."

"Ndiyo, Mma."

"Nilisema ishirini."

"Ulisema, Mma."

"Na hapa umeandika kwamba mawili hukuyajua mpaka juzi. Ungeweza kutokuyajua mpaka leo jioni."

Akaivaa tena miwani, akapitisha kidole kwenye karatasi.

"Msimamizi wa mwaka jana aliniandikia mapipa kumi na mawili. Nilipita hapa siku ile, pua yangu ikahesabu arobaini. Wa mwaka juzi aliniandikia manane. Miaka sita naletewa hesabu nzuri na harufu mbaya. Machi hii mmetupa mangapi?"

"Mawili, Mma," akasema Gosego, kabla yangu. Akaziba mdomo.

"Kwa magunia mangapi?"

"Mia na arobaini!" Mma Tlotlo akasema, na hapo ikawa kama bomba limepasuka. Wote wakaanza kumweleza kwa pamoja, kijani, kivuli, magunia matupu, vitambaa, wakamshika mkono wakamwingiza ghalani, Rra Dikgang akamwonyesha mahali alipokaa kwenye povu. Mma Boikanyo alimweleza habari ya kivuli mara mbili ili asikosee. Mimi nilibaki kwenye kiti, nimeshikilia mkoba wa mwenyekiti kama karani.

Walikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alikuwa na kitambaa cha leteisi mkononi, na alikuwa anacheka na Mma Boikanyo. Akasema kiwanda hakifungwi. Akasema msimu ujao ataleta wasimamizi wa viwanda vingine viwili waje wajifunze, na Mma Boikanyo ndiye atakayewafundisha, kwa posho. Mma Tlotlo akapiga ukelele uliowatoa kuku kwenye kivuli.

Nilimsindikiza Mma Ramasu kwenye gari, wale wanne nyuma yetu. Akageuka.

"Rra Seleka, hawa wamenieleza kila mmoja alichofanya. Wewe ulifanya nini?"

Nilitafuta. Nina cheti, nilizungumza dakika arobaini, nilichora chati, nilifunga komeo.

"Alituuliza," akasema Mma Boikanyo. "Akangoja."

Mma Ramasu akaitikia kwa kichwa, akaingia garini akaondoka. Mimi nikalazimika kwenda nyuma ya trekta kwa muda kufuta macho, na Rra Dikgang, kwa heshima, akawapeleka wengine kwenda kuosha mashine.